MJADALA: Vita vya Wachanka na Cusco ni historia, au ni sifa za mshindi?

Mleta mada:

Wakuu, kuna suala la Peru ambalo limewagawa wanahistoria kwa miongo mingi, na naomba tulijadili hapa bila jazba.

Kwa asiyewafahamu, Wachanka ni watu wa milima ya Andes. Kitovu chao ni Andahuaylas, mkoa wa Apurímac, na walistawi baada ya dola ya Wari, iliyotangulia ya Wainka, kuporomoka, takriban kati ya mwaka 1000 na 1400. Wakitajwa vitabuni, mara nyingi hutajwa kwa tukio moja tu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1438 waliuvamia mji wa Cusco, makao makuu ya Wainka, kwa jeshi kubwa. Mfalme wa Wainka, Viracocha, akakimbia pamoja na Urco, mwana aliyemchagua kumrithi. Mwana mwingine, Inca Yupanqui, akabaki na watu wachache kuulinda mji. Mapigano yakawa makali hata mawe yakainuka yakawa askari, yakapigana upande wa Cusco, kisha yakarudi kuwa mawe. Sanamu ya Uscovilca, mwasisi wa Wachanka, ambayo watu wake waliibeba hadi vitani, ikatekwa, nao wakavunjika nguvu. Kijana yule akatwaa kiti, akaitwa Pachacuti, na upanuzi wa dola ya Wainka ukaanzia hapo.

Msimamo wangu ni kwamba hadithi hii haifai kuwa nguzo ya historia ya Wachanka, si darasani wala kwenye sherehe za umma.

Tuanze na waliotusimulia. Mhispania Juan de Betanzos aliandika mwaka 1551. Mkewe, Cuxirimay Ocllo, aliyebatizwa Angelina, alitoka katika ukoo wa Pachacuti mwenyewe, kwa hiyo Betanzos alikuwa anasimuliwa ushujaa wa Pachacuti na wakwe zake. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Pedro Sarmiento de Gamboa aliandika mwaka 1572 kwa ajili ya Toledo, gavana wa Kihispania wa Peru, aliyetaka ithibitike kwamba Wainka walikuwa wanyang'anyi wasio na haki ya kutawala. Inca Garcilaso de la Vega, mzaliwa wa Cusco ambaye mama yake alikuwa wa ukoo wa kifalme, alichapisha kitabu chake mwaka 1609, na humo ushindi huohuo anampa Viracocha, yule ambaye kwa Betanzos alikimbia! Kama hawakubaliani hata juu ya nani alishinda, tunaulinda mwaka na uwanja wa vita kwa msingi gani?

Tena huo mwaka 1438 unatokana na hesabu ya mwandishi wa Kihispania Cabello Balboa ya mwishoni mwa karne ya 16, ambayo mwanaakiolojia John Rowe aliichukua katika miaka ya 1940, na tangu hapo ukanakiliwa kitabu hadi kitabu. Mwaka 2021 mwanaakiolojia Richard Burger na wenzake walitoa matokeo ya kupima umri wa mifupa ya watu waliozikwa Machu Picchu, mahali panaposadikiwa kujengwa na Pachacuti. Watu walikuwa wanaishi pale tangu miaka ya 1420 hivi. Kama ni yeye aliyepajenga, basi alishakuwa mtawala kabla ya vita vinavyosemwa vilimpa utawala.

Sasa ardhi yenyewe. Mwanaakiolojia Brian Bauer na wenzake waliyakagua mabonde na vilima vya Andahuaylas kwa miguu. Hawakukuta mji mkuu, wala ikulu, wala maghala ya dola. Walichokuta ni vijiji vingi juu ya migongo ya milima, nyumba za mawe za duara zimebanana, kila kijiji na eneo lake. Baada ya Wari kuanguka watu walihama mabondeni wakapanda juu, karibu na malisho ya lama na alpaka na mashamba ya viazi, wakaacha mahindi chini. Hayo ni maisha ya jamii zilizokuwa zinajilinda, na sioni humo dola ya kutuma majeshi kuiteka Cusco.

Halafu nendeni Sondor, magofu yaliyo juu ya ziwa Pacucha, karibu na Andahuaylas. Pana kilima kinachoitwa Muyu Muyu, kimechongwa ngazi kwa ngazi, na mamia ya vipandio vya mawe vinapanda hadi kileleni. Kila Juni hufanyika Sondor Raymi, vijana kwa mamia wakiigiza kuzaliwa kwa taifa la Wachanka na vita vyao. Ninaiheshimu sana sherehe hiyo. Lakini sehemu kubwa ya majengo yanayoonekana pale yana sura ya Kiinka, na kisa kinachoigizwa kimetoka Cusco. Wachanka wako wapi humo? Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, umejenga hoja vizuri lakini napinga.

Kwanza, mwandishi wa Kihispania Pedro Cieza de León alipita Andahuaylas mwishoni mwa miaka ya 1540. Aliandika kwamba wenyeji husema mababu zao walitoka katika ziwa Choclococha, lililo Huancavelica. Kwa hiyo sauti yao imo humo, hata kama ni ndogo. Huwezi kuzitupa kumbukumbu zote kwenye kapu moja la propaganda.

Pili, mawe hayo yaliyogeuka askari, unayoyapita haraka, yana jina, Pururauca. Orodha ya mahali patakatifu pa Cusco aliyoihifadhi padri Bernabé Cobo inataja baadhi yake, na watu waliyapelekea sadaka. Kuna pia Chanan Cori Coca, mwanamke kiongozi anayesifiwa kwa kupigana kuulinda mji. Tukio la kutunga halizai ibada, majina ya mahali na mashujaa wa pembeni namna hiyo. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mwanahistoria wa Peru María Rostworowski, aliyeyachambua maandiko hayo kuliko wengi wetu, aliichukulia vita hiyo kuwa ya kweli.

Tatu, tangu lini jeshi likahitaji ikulu? Wamapuche kule Chile hawakuwa na mfalme wala mji mkuu, na waliwazuia Wahispania zaidi ya karne mbili. Vijiji vinaweza kuungana msimu mmoja, vikapiga, vikarudi makwao, na mchimbaji wa mambo ya kale asikute hata ukuta mmoja wa kushuhudia.

Mchangiaji wa pili:

Mimi nauliza tu: kwa nini tuwapangie watu wa Andahuaylas cha kujivunia? Mwaka 2024 timu yao ya soka, Los Chankas, ilicheza ligi kuu ya Peru kwa mara ya kwanza. Jina hilo linawaunganisha. Desemba 2022, baada ya Rais Pedro Castillo kuondolewa madarakani, Andahuaylas ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuwaka kwa maandamano, na vijana waliuawa pale. Mkoa una shaba ya mgodi wa Las Bambas lakini serikali ya Lima huwakumbuka wakifunga barabara. Kwa watu kama hao, kusikia kwamba mababu zao nusura waiangushe Cusco si jambo dogo. Waacheni nalo.

Mleta mada:

Ndugu wa pili, sijamnyang'anya mtu jina. Nalipenda jina hilo ndiyo maana nauliza limejazwa nini. Hadithi ya Cusco inawapa Wachanka heshima moja tu, ya kuwa adui mkubwa aliyeshindwa. Ni heshima ndogo kwa watu walioishi pale karne nne.

Kuhusu Wamapuche: habari zao tunazo kutoka kwa maadui waliokiri kushindwa, na mtu anayekiri kushindwa hana sababu ya kutia chumvi upande huo. Ya Wachanka tunayo kutoka kwa mshindi anayejisifu, na mshindi hunufaika kadiri adui anavyokuzwa. Pururauca nazo zinathibitisha kwamba Cusco iliitukuza simulizi yake. Hazituambii adui alikuwa nani, wala alikuja na watu wangapi.

Mtoto wa Andahuaylas anaweza kuambiwa mambo mengine kabisa. Aambiwe kwamba mababu zake waliwafunga watoto wachanga vitambaa kichwani ili fuvu likue refu, na kwamba desturi hiyo ilienea kwa kasi baada ya Wari kuanguka, wakati ambapo kujulikana wewe ni wa nani kulikuwa suala la uhai. Aambiwe pia kwamba walipasua mafuvu ya watu walio hai. Walikwangua mfupa, walikata, au walitoboa matundu madogo kwa kekee ya mkono, na katika baadhi ya mafuvu kingo za mfupa zimeota upya, maana yake mgonjwa alipona akaishi. Huo ni udaktari, miaka mia kadhaa kabla ya Mhispania yeyote kufika. Sherehe kubwa ingeweza kujengwa juu ya hilo.

Mchangiaji wa tatu:

Nimewasoma wote. Mleta mada, hayo mafuvu unayoyasifu yana jambo jingine ambalo hukulisema. Mengi yana majeraha ya kupigwa, ya wanaume na ya wanawake, mengine yamepona na mengine ni ya kifo. Vilele vile vya milima vilichaguliwa kwa sababu watu walikuwa wanaogopana. Vita vilikuwepo, na si mara moja.

Kwa hiyo naona swali limeulizwa kwa kubana mno. Watafiti Tom Zuidema na Pierre Duviols walisema simulizi ya mwaka 1438 ina umbo la kisasili: baba dhaifu, mwana aliyetengwa, mawe yanayoinuka, ulimwengu unaanza upya. Nakubaliana nao kuhusu umbo. Lakini kwamba wapiganaji wa Apurímac waliwahi kugongana na watu wa Cusco, sioni cha kulizuia. Kinachonishinda ni kuamini siku moja iliyobadilisha kila kitu.

Mleta mada:

Mkuu wa tatu, hapo tunakaribiana, na hayo majeraha ni lazima yaingie darasani, kwa sababu yanasema habari za majirani kuumizana, ambazo hakuna ukoo wa kifalme ulionufaika kuzisimulia.

Nami niongeze kipande kimoja kutoka kwa waandishi walewale ninaowashuku, kwa sababu hiki kinamwumiza msimulizi. Sarmiento anaeleza kwamba baada ya kushindwa, Wachanka chini ya Anco Ayllo walichukuliwa kupigana katika jeshi la Wainka lililokwenda kaskazini likiongozwa na Capac Yupanqui, ndugu wa Pachacuti. Wakang'ara kuliko Wainka wenyewe. Pachacuti akaona wivu, akaagiza wauawe. Habari zikawafikia mapema, wakatoroka usiku, wakaingia misituni upande wa mashariki, na Wainka hawakuwapata. Capac Yupanqui akauawa, kosa lake mojawapo likiwa kuwaacha waponyoke. Garcilaso, ambaye haafikiani na Sarmiento kuhusu nani alishinda pale Cusco, naye anasema kiongozi huyo, kwake Hanco Huallu, aliondoka na maelfu ya watu wake kwa sababu hakutaka kuishi chini ya mtu.

Ukoo wa Pachacuti haukuwa na faida yoyote kutunga kisa cha mfalme wao kumwua ndugu yake na kuzidiwa akili na mateka. Kwa hiyo swali langu kwa wote wawili mnaonipinga ni hili: kama lazima Sondor Raymi iigize kisa kutoka maandishi ya Cusco, kwa nini kisiwe hiki cha kutoroka?