Mchapaji anataka "package", faili la INDD halimtoshi: menyu ya File kwenye InDesign inafanyaje kazi?

mwalimu_mlimani (Mbale)

Habari zenu jamani. Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Mbale, na nimeandaa kitabu kidogo cha mazoezi cha S1 (mwaka wa kwanza wa sekondari): hadithi fupi, methali, mazoezi ya ngeli, na picha za soko na za Mlima Elgon. Ni A5, kurasa 46, jalada la rangi, ndani nyeusi tupu. Nimekipanga kwa InDesign, programu ya kupanga kurasa, kwenye laptopu ya shule.

Nilimtumia mchapaji wa Kampala faili la INDD, yaani faili la kazi la InDesign, kwa barua pepe. Anasema kwake picha zina ukungu, herufi zimebadilika, na maandishi mengine yamepakwa rangi ya waridi. Anataka "package" na PDF. Kwangu kila kitu kinaonekana sawa.

Kwenye menyu ya File naona Save, Save As, Save a Copy, Revert, Place, Export, Package. Ipi inafanya nini hasa, na nifuate njia gani ili kitabu kitoke kwangu kikiwa kizima? Wazazi wameshachanga pesa na muhula unakaribia. InDesign nimejifunza mwenyewe, kwa hiyo naomba mnieleze pole pole.

---

fundi_kurasa (Kampala)

Mwalimu, pole kwa usumbufu na hongera kwa kazi. Kitabu cha Kiswahili kilichoandikwa Mbale kwa watoto wa Mbale nataka kifike salama, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Kwanza ujue hili, maana mengine yote yanatoka hapo: faili la INDD halibebi picha zako. Ukiweka picha kwa Place (Ctrl+D), InDesign inaonyesha kivuli chake tu kwenye ukurasa, kisha inaandika mahali picha yenyewe ilipo, mathalani D:\Kitabu\Picha\soko.jpg. Mchapaji hana hiyo D yako. Anabaki na kivuli, na kivuli kikichapwa ndiyo ukungu aliokuambia. Fonti nazo ni hivyo hivyo, zinakaa kwenye Windows ya laptopu ya shule. Waridi ni InDesign inamwambia kwamba fonti haipo na imewekwa nyingine badala yake. Hilo ni baya kuliko linavyoonekana, kwa sababu fonti ya badala haina upana uleule: mistari inasogea, swali linaruka kwenda ukurasa wa pili, majibu yanaachana na jedwali lake.

Mimi nimekaa mbele ya kompyuta za Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, tangu enzi za PageMaker 6.5, programu ya kurasa ya kabla ya InDesign, na shida hii ilikuwepo. Huko ndani ya Save As kulikuwa na sehemu ya kuchagua mafaili yote ya kuchapia mbali yanakiliwe pamoja. InDesign ilipotoka mwaka 1999 kazi hiyo ikapewa amri yake yenyewe, Package. Programu zimebadilika, lakini kila wiki bado naletewa fleshi yenye INDD moja tupu.

Sasa amri zako. Save (Ctrl+S) unaijua. Save As (Ctrl+Shift+S) inatengeneza faili jipya na kukuhamishia humo, la zamani linabaki lilivyokuwa. Save a Copy (Ctrl+Alt+S) inatoa nakala pembeni lakini wewe unaendelea kwenye faili lako lilelile. Kwa kitabu cha shule mimi hutumia Save As kila hatua inapokamilika: kitabu_01, kitabu_02, na kuendelea. Pia INDD iliyohifadhiwa mara nyingi kwa Save peke yake huvimba, na Save As huipunguza uzito. Revert inakurudisha pale ulipohifadhi mara ya mwisho na kutupa yote uliyofanya baada ya hapo. Inafaa pale mtu aliyeazima laptopu amekuvurugia kurasa.

Maandishi ya Word yaingize kwa Place, usiyanakili na kubandika. Weka alama kwenye Show Import Options kabla ya kufungua, kisha shika Shift unapobofya ukurasani, nayo itaongeza kurasa yenyewe mpaka maandishi yaishe. Hapo kuna jambo ambalo wengi halijawahi kuwafikia. Maandishi yakitoka Word, mara nyingi yanakuja na rangi yake nyeusi, na kwenye paneli ya Swatches (orodha ya rangi) utaiona imeandikwa Word_R0_G0_B0. Kwa macho ni nyeusi. Kwenye mashine ni mchanganyiko wa rangi nne, na wewe umelipia pleti (bamba la kuchapia) moja ya wino mweusi. Ifute hiyo swatchi, na InDesign ikikuuliza uweke nini badala yake, chagua [Black]. Ukitaka uhakika fungua Window, Output, Separations Preview, washa Separations, halafu zima jicho la Black. Maandishi yote yanapaswa kutoweka. Kinachobaki kwenye ukurasa hakijawa cheusi safi.

Na picha za ndani zigeuze ziwe za kijivu kabla ya Place, kwa Photoshop au GIMP, ukihifadhi kwa jina jingine ili ya rangi usiipoteze. Tumia faili la asili la kamera au la simu. Picha ya kujaza upana wa A5 inahitaji kama pikseli 1750 ili ichapwe kwa 300 kwa inchi. Ikiwa umetumiwa kwa WhatsApp, mwombe mwenye picha aitume tena kama dokumenti, maana ikitumwa kama picha hubanwa. Na zile ulizobandika ndani ya Word zitafute zilikotoka.

Document Setup (Ctrl+Alt+P) nayo iko humohumo kwenye File. Kwa jalada weka bledi (ziada ya kukatwa) ya 3 mm pande zote, na rangi au picha ya jalada uivute mpaka kwenye mstari mwekundu wa nje. Kisu cha matbaa hakikati pale pale kila mara, na bila hiyo ziada jalada litabaki na uzi mweupe pembeni.

Sasa Package (Ctrl+Alt+Shift+P). Ukiibofya hainakili chochote kwanza, inakufungulia ripoti. Isome. Itakuambia fonti ngapi zimetumika na ipi haipo, picha ngapi zimepotea, ngapi zimebadilishwa tangu uziweke, ngapi bado ni RGB (rangi za skrini, si za wino). Hiyo ripoti ndiyo sababu naipenda amri hii kuliko zote kwenye menyu. Ukiridhika bonyeza Package, uchague pa kuweka, na uhakikishe umetia alama kwenye kunakili fonti, kunakili picha, na kusasisha njia za picha. Itatokea folda moja yenye INDD, folda ya Document fonts, folda ya Links na faili dogo la maelezo. Tia alama pia kwenye Include IDML. Matbaa nyingi hapa bado zinatumia CS6, toleo la InDesign la mwaka 2012, na INDD ya toleo jipya haifunguki humo. IDML inafunguka kuanzia CS4 kuja juu. Halafu ifunge folda yote kuwa ZIP kabla ya kuiweka kwenye fleshi, kwa sababu fleshi za mjini zina virusi vinavyoficha mafolda.

Ya mwisho ni Export (Ctrl+E), Adobe PDF (Print). Usichague Smallest File Size: inashusha picha mpaka 100 kwa inchi na kuzigeuza RGB. Chagua Press Quality, au PDF/X-1a ikiwa matbaa imeiomba. Toa Pages, wala si Spreads (kurasa mbili mbili), maana kupanga kurasa kwenye pleti ni kazi yao. Kwa jalada nenda Marks and Bleeds utie alama kwenye Use Document Bleed Settings.

Mpe vyote viwili. PDF ndiyo ya kuchapa, package ni ya kurekebisha kukiwa na dharura.

Na kurasa 46 hazifungiki kwa pini. Karatasi ikikunjwa inatoa kurasa nne, kwa hiyo unahitaji 48. Mbili zilizobaki wape watoto za kuandikia, usiziache matbaa izijaze.

---

bint_arua

Fundi amemaliza. Naongeza kwa wasio na InDesign: Scribus ni ya bure na inafanya hayo hayo. Kwenye menyu ya File kuna Collect for Output, hiyo ndiyo package yake, inakusanya faili la SLA na picha, na fonti ukizitia alama. PDF inatoka kwa File, Export, Save as PDF. INDD haifungui, ila kuanzia 1.5 inaingiza IDML, ukubali kwamba mpangilio utahitaji kurekebishwa. Jarida la kikundi chetu cha akina mama tunalipanga nayo Arua, linachapwa Kampala, na linarudi kama tulivyolipeleka.

---

kakaJinja

Na walimu wenzangu mnaotumia Publisher: File, Export, Save for a Commercial Printer, hapo ndipo ilipo Pack and Go. Lakini Microsoft imetangaza kwamba msaada wa Publisher unaisha Oktoba 2026, na wenye Microsoft 365 hawataweza kuyafungua mafaili yao ya PUB baada ya hapo. Yatoeni sasa yawe PDF, mitihani ya zamani na yote. Mimi nimeanza na vyeti vya shule.

---

mwalimu_mlimani (Mbale)

Asanteni sana, Mungu awabariki. Fundi, nimeifungua Package. Ripoti inasema viungo (Links) 14, vitatu vimepotea, vyote ni picha za soko. Nadhani niliviweka moja kwa moja kutoka kwenye fleshi ya mwenzangu. Na Word_R0_G0_B0 ipo kweli, nimeiona! Nilipozima Black, hadithi nzima ya sungura ilibaki ukurasani. Nimeifuta.

Hizo picha tatu nifanyeje? Nikiziweka upya kwa Place, ukubwa na mkato niliopanga si utapotea?

---

fundi_kurasa (Kampala)

Usiziweke upya. Zipate kwa mwenzako, uzinakili kwenye folda ya kitabu ndani ya laptopu. Zigeuze ziwe za kijivu huko huko, ila usibadili ukubwa wala kuzikata. Kisha fungua Window, Links. Zilizopotea zina duara jekundu lenye alama ya kuuliza. Bofya moja, bonyeza kitufe cha Relink (kile cha mnyororo chini ya orodha), uionyeshe picha mpya. Itakaa kwenye fremu ileile, na mkato uleule. Ukishaipata ya kwanza, InDesign huzitafuta nyingine kwenye folda hiyo kama majina hayajabadilika, kwa hiyo yaache majina ya awali. Ukiona pembetatu ya njano, picha ipo ila imebadilishwa, ibofye mara mbili isasishwe.

Kisha rudi Package, ripoti isome sifuri kwenye Missing, ndipo utoe PDF. Ifungue hiyo PDF kwenye kompyuta nyingine, ya mwalimu mkuu au ya mhasibu, ambayo haina fonti zako. Pitia ukurasa kwa ukurasa, hasa majedwali ya ngeli.

Na kabla hawajatoa pleti, mwombe mchapaji akuchapie nakala moja ya kawaida, aikunje na kuipiga pini, aiweke kwenye basi la Mbale. Uisome na kalamu mkononi, usahihishe, uitie sahihi. Usikubali picha ya simu badala yake.

---

mwalimu_mlimani (Mbale)

Picha mbili zimerudi mahali pake, ya tatu mwenzangu ataniletea kesho asubuhi. Hiyo nakala ya kutia sahihi nimeshamwomba, amekubali kuituma Ijumaa.