Wakuu, nina saa moja tu ya kucheza usiku. Nichukue gemu ipi? (Na maoni yangu ya kweli kuhusu nilizocheza)

Baba Zuhura (Mwanza)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wenu, na mnivumilie maana nitaeleza kwa urefu kidogo.

Nina miaka 37, nina mke na watoto wawili, nafanya kazi kwenye duka la dawa za mifugo. Mwaka jana nilinunua mashine ya gemu, PS4 iliyotumika, kwa jamaa aliyekuwa anahamia PS5. Kabla ya hapo mara ya mwisho kushika pedi ilikuwa enzi za kibanda cha mtaani, tunalipia kwa mechi, anayefungwa anampisha mwenzake. Gemu ya San Andreas tulikuwa tunaicheza watu sita kwa pedi moja, mmoja anaendesha pikipiki kufukuza ile treni na watano wanampigia kelele.

Muda wangu ni huu: saa tatu na nusu watoto wamelala, saa nne na nusu nazima. Siku nne kwa wiki nikibahatika. Umeme nao hukatika bila taarifa. Kwa hiyo kila gemu naipima kwa swali moja: nikiiacha wiki mbili nikarudi, itanipokea au itaniadhibu?

Sasa maoni yangu. Najua hapa kuna mashabiki, lakini nasema ninachokiona.

God of War ya 2018 ndiyo pekee niliyoimaliza. Baba na mwanawe wanapeleka majivu ya mama kwenye kilele kirefu kuliko vyote. Kupigana ni kuzuri, lakini kilichonishika ni mle mtumbwini. Mnapiga makasia, mtu anaanza kusimulia hadithi. Mkifika nchi kavu hadithi inakatika. Mkimaliza shughuli zenu na kurudi mtumbwini, msimuliaji anaendelea pale alipoishia. Mara ya kwanza kuliona hilo niliweka pedi chini. Nikasema hawa waliotengeneza wanajua kwamba mtu huondoka na kurudi. Na mimi kama baba, yule Kratos anavyotaka kumshika mwanawe begani halafu mkono unarudi, nimemwelewa kabisa.

Red Dead Redemption 2. Hapa ndipo nilipokwama. Kila mtu aliniambia ni bora kuliko zote. Nina miezi mitatu nayo na bado niko sura ya pili. Ile theluji ya mwanzo ilinimalizia wiki nzima. Arthur Morgan, jambazi unayemchezesha, akichuna paa lazima uangalie kisu kinavyopita. Akifungua droo, unangoja droo ifunguke. Uzuri wake nauona: nimewahi kusimama juu ya kilima nikiangalia mvua inavyokuja kutoka upande wa pili wa bonde, sikutaka kuondoka. Ila saa yangu inaisha nimepanda farasi hadi mjini, nimenyoa ndevu, nimerudi kambini. Nikikaa siku kumi bila kuicheza nasahau vitufe. Kitufe cha kumsalimia mtu ndicho hicho hicho cha kumlenga ukiwa umeshika bunduki, na nimeshamtolea bunduki mpita njia nikitaka kumsabahi, mji mzima ukanigeukia.

Assassin's Creed Origins nimeipenda nusu. Unamchezesha Bayek, Mmisri wa Siwa, na kuona Misri ya kale ikiwa na mashamba, mitumbwi na masoko badala ya makaburi matupu kulinifurahisha sana. Tatizo ni zile leveli, yaani viwango vya nguvu. Stori inakwambia nenda kaskazini, ukifika adui mmoja anakuua kwa pigo moja kwa sababu hujafikia leveli yake, basi unarudi kuwatafutia watu mbuzi waliopotea. Lakini ile sehemu ya kutembea na kujifunza bila vita, waliyoiongeza bure 2018, nimeicheza na binti yangu wa miaka 9. Tumeingia ndani ya piramidi Jumapili mchana, akawa ananiuliza maswali hadi wakati wa chakula cha usiku.

FIFA 23, ya mpira, nzuri ukiwa na mgeni nyumbani. Peke yangu hainivuti. Na ule mfumo wa kununua pakiti bila kujua utampata mchezaji gani, mimi nauita kamari. Ubelgiji nao waliona hivyo 2018, hadi EA, wenye gemu hiyo, wakaacha kuuza zile pointi za kununulia pakiti nchini humo mwaka uliofuata. Simuwekei mwanangu kitu kama hicho.

Candy Crush ya kwenye simu nimeifuta. Maisha matano, yakiisha ungoje nusu saa kwa kila moja au ulipe. Sipendi kitu kinachouza subira yangu.

Ombi langu: nina elfu sitini ya gemu moja. Nimeorodhesha Elden Ring, Stardew Valley na It Takes Two. Mke wangu ameanza kukaa pembeni akiangalia, kwa hiyo ningefurahi kama na yeye angeshika pedi. Na je, Red Dead niendelee nayo au niiuze? Nawasilisha.

---

Kipepe_wa_Kigogo

Mkuu, usiiuze Red Dead. Nakusihi. Nilikuwa na mawazo kama yako hadi nilipobadilisha namna ya kuicheza. Acha kuwinda, acha kunyoa ndevu, fuata alama za njano tu, hizo ndizo stori. Safari ikiwa ndefu weka alama kwenye ramani, panda farasi, mpe mwendo kwa X huku ukishikilia kile kibao cha katikati ya pedi. Kamera inageuka kama sinema na farasi anafuata njia mwenyewe. Wewe unakunywa chai.

Na katikati ya misheni, yaani zile kazi za stori, huwezi kusevu mwenyewe, ila ukiwa nje ya misheni unaweza kusevu muda wowote kwenye menyu. Umeme ukikatika unarudi karibu na ulipokuwa.

Hiyo taratibu unayoilalamikia ndiyo gemu yenyewe. Ni mwaka 1899, watu wale dunia yao inaisha na wao hawataki kuharakishwa. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini walikulazimisha kuishi na Arthur siku moja moja.

---

Baba Zuhura

Asante mkuu, hiyo ya farasi kujiendesha sikuijua kabisa. Nitaijaribu leo leo.

---

Mwana wa Kisauni (Mombasa)

Ndugu yangu, nitasema tofauti na watakaokuja. Chukua Elden Ring.

Watu wanaiogopa kwa ugumu wake, na kweli ni ngumu, hakuna mahali pa kuchagua iwe rahisi. Lakini kwa mtu wa saa moja na wa stima ya kupotea, inafaa kuliko unavyodhani. Inajisevu yenyewe karibu kila unachofanya. Mtoto akilia, unatoka hadi menyu, ukirudi uko pale pale uliposimama. Na haikulazimishi njia. Kuna mtu wa farasi wa dhahabu pale mwanzo kabisa, wengi wanaacha gemu kwa sababu yake. Mpite! Nenda kushoto, nenda pwani, ingia pangoni. Mimi nilirudi kwake baada ya wiki tatu na nikampiga mara ya pili kujaribu. Nilipiga kelele mpaka mama akaamka.

Saa moja yangu ya usiku ni hivi: nachagua kona moja ya ramani ambayo sijaifika. Basi. Kuna siku napata upanga, kuna siku nakufa mara nane, lakini kila siku naona kitu ambacho sijawahi kukiona.

---

Mama Kareem (Tanga)

@Mwana wa Kisauni, kaka, nakuheshimu, lakini umesoma alichoandika? Ametoka kazini, amelaza watoto, ana dakika sitini. Wewe unamwambia akafe mara nane. Kaka yangu anayo hiyo Elden Ring, nimemwona anavyokunja uso. Huko si kupumzika.

@Baba Zuhura, mimi nacheza Stardew Valley, gemu ya kulima shamba, na mume wangu mwaka wa pili sasa. Nikueleze kwa nini inafaa saa yako. Siku moja ya mle ndani ni kama dakika 14 za kwetu. Unaamka saa kumi na mbili asubuhi, unamwagilia, unaenda mtoni au mgodini, unarudi kulala. Inasevu unapolala. Kwa hiyo umeme ukikatika umepoteza siku moja tu ya shamba, na saa yako moja ni siku nne kamili. Ukikaa wiki mbili bila kuigusa, shamba lako linakungoja, hakuna kilichokauka.

Msimu una siku 28. Kosa nililofanya mimi ni kupanda siku ya 24, msimu ukageuka mazao yote yakafa shambani. Niliumia kama mahindi ya kweli yaliyokosa mvua. Angalia siku kwenye mfuko wa mbegu kabla hujanunua.

Uvuvi utakusumbua mwanzoni. Muuza samaki anayo fimbo ya kujifunzia ya bei ndogo, ianze hiyo. Mume wangu alikataa kuinunua, akahangaika mwezi mzima.

Na gemu hiyo kaitengeneza mtu mmoja, Eric Barone, zaidi ya miaka minne peke yake: picha, muziki, maneno yote. Ukiicheza utaona kuna mkono wa mtu.

---

Mwana wa Kisauni

Dada Mama Kareem, nimekusikia. Lakini kuna watu tunapumzika kwa kupambana. Mchana kutwa kazini nashughulikia mambo yasiyo na mwisho, hakuna siku mtu ananiambia umeshinda. Usiku naanguka, nainuka, nashinda, na ushindi unaonekana. Kwangu huko ndiko kupumzika. Baba Zuhura ndiye ajue yeye ni mtu wa aina gani.

---

Mama Kareem

Hapo nakubaliana na wewe.

---

Fundi_Pedi

Mimi natengeneza hivi vitu, niongee ya upande wangu.

It Takes Two haichezwi na mtu mmoja, lazima muwe wawili, kwa hiyo hesabu bei ya pedi ya pili kama huna. Stardew ya kugawana skrini vivyo hivyo. Pedi ikiwa na analogi (kijiti) inayosogea yenyewe usiichukue hata ikiuzwa bei ya bure, iombe uijaribu dakika tano dukani bila kuigusa vijiti.

CD ya Stardew kwa PS4 ni ngumu kuipata mitaani. Wengi wanainunua kwenye duka la PlayStation lenyewe, dola 14.99, na ni ndogo sana, bando lako halitaumia. Ukipata CD ya zamani lazima uiboreshe kwanza, maana kugawana skrini kulikuja 2021.

Elden Ring kwenye PS4 ya kawaida inakwenda, ila feni itanguruma. Kabla ya gemu nzito yoyote, ifungue hiyo mashine itolewe vumbi na ibadilishwe ile dawa ya kupitisha joto (thermal paste).

Na kwa yeyote anayenunua CD zilizotumika: iangalie kwenye mwanga, na kwa Red Dead hakikisha zipo mbili, moja ya kuingiza gemu kwenye mashine na moja ya kuchezea. Nimeletewa boksi lenye moja zaidi ya mara moja.

---

Baba Zuhura

Fundi, asante sana. Pedi ya pili ninayo. Je, It Takes Two naweza kuicheza na binti yangu pia? Naona picha zake ni za vikaragosi.

---

Mama Kareem

Icheze na mke wako kwanza. Ni gemu nzuri mno, ilishinda Gemu Bora ya Mwaka 2021 na ilistahili, kila baada ya muda mfupi inawapa kitu kipya cha kufanya. Lakini stori ni ya wazazi wanaotaka kuachana, na mtoto wao analia. Kuna sehemu wanamtendea ukatili mwanasesere wa tembo anayewaomba wamwache, na lazima ufanye wewe kwa vitufe. Mwanangu wa miaka minane alikuwa amekaa nami, akaondoka sebuleni. Nilijuta. Hakuna aliyenitahadharisha, ndiyo maana nakwambia.

---

Kipepe_wa_Kigogo

Hiyo ya tembo ni kweli. Mimi mtu mzima ilinikaa rohoni siku mbili.

---

Baba Zuhura (wiki tatu baadaye)

Wakuu, nimerudi kutoa mrejesho.

Nilichukua Stardew. Nilimwita mke wangu jioni ya kwanza nikamwambia aipe jina shamba. Akaliita Ukerewe, kwao. Tulianza shamba jipya lenye kibanda cha mchezaji wa pili, yeye ana mashamba, mimi nina mgodi. Kwa mara ya kwanza saa nne na nusu imefika na aliyesema "tumalizie siku moja" ni yeye. Kuna usiku umeme ulikatika tukiwa tunavuna, akauliza tumepoteza nini, nikamwambia asubuhi ya leo tu. Akalala kwa amani.

Red Dead sijaiuza. Jumamosi watoto wakiwa kwa bibi yao naicheza saa tatu mfululizo, alama za njano tu na farasi ajiendeshe. Niko sura ya tatu. @Kipepe_wa_Kigogo, ni gemu nyingine kabisa ukiwa na saa tatu. Kumbe haikuwa ya siku zangu za kazi. @Mwana wa Kisauni, Elden Ring nitaifikia, umeniwekea hamu ya ile pwani.

Sasa tuna ubishi nyumbani na tumekubaliana mwamuzi awe @Mama Kareem. Mimi nataka tukate mbao 300 tukarabati lile daraja la ufukweni. Yeye anasema tununue kwanza begi kubwa. Pesa ya mle ndani tuliyo nayo ni 2,100. Tuanze na lipi?

---

Mama Kareem

Begi. Mpe mkono wake, ameshinda. Mbao utazikata huku ukiwa na mahali pa kuzibebea.