Shule gani itamfundisha kijana kuongoza jimbo?

Mwanafunzi wa Katuba
Jambo kwenu, wakubwa na ndugu zangu. Mwaka huu ninamaliza masomo ya siasa na utawala hapa Lubumbashi, nchini Kongo (DRC), na nia yangu ni kulitumikia jimbo letu la Haut-Katanga. Niko njia panda: nifanye mtihani wa kuingia Shule ya Taifa ya Utawala, iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 2013, au nitafute ufadhili wa kwenda Ufaransa? Ni wapi wanapomwandaa mtu kuongoza kweli?

Karani wa Komini
Mwanangu, hongera. Tangu Sheria ya Madini iliporekebishwa mwaka 2018, mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini wanayochimba, hugawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini (serikali ya mtaa ya mjini) au sekta (ya vijijini) yenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Fedha hizo za asilimia 15 zilipoanza kuingia katika ofisi niliyokuwamo, tulikuwa na wasomi watatu wenye shahada, lakini hakuna aliyeweza kuandaa bajeti ambayo mama muuza unga angeisoma akaielewa. Ninaukumbuka ukurasa mmoja wa daftari ulioandikwa neno "matengenezo" mara nne, bila jina la barabara wala urefu wa mfereji, na mvua iliponyesha maji yakaingia hadi darasani. Shule yoyote utakayoichagua, uliza kwanza kama itakuketisha mbele ya daftari la namna hiyo.

Mama Mwalimu, Kampemba
Mzee amesema kweli, ila daftari peke yake halitoshi. Ibara ya 175 ya Katiba ya 2006 inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, yakatwe palepale yanapokusanywa, na hadi leo utekelezaji wake ni mvutano. Hapo karani hodari hana la kufanya. Anahitajika kiongozi anayeijua sheria na uchumi, tena asiyeogopa kudai. Kuhusu Ufaransa, wenyewe waliivunja shule yao ya utawala ya mwaka 1945, na mwaka 2022 wakaanzisha nyingine, baada ya lawama kwamba wanafunzi wake wengi walitoka katika familia zilezile za wenye nafasi.

Mwanafunzi wa Katuba
Asanteni sana. Nitajaribu mtihani wa Kinshasa. Mzee, naweza kuja kuisoma bajeti ya komini yenu kabla ya hapo?

Karani wa Komini
Njoo Jumatatu asubuhi, na ulete kikokotoo.