Naomba ushauri: nipande miti gani kaskazini mwa Minnesota, ilhali majira yanabadilika?

Mgeni wa Duluth
Wanajukwaa, salaam. Mimi ni Mkenya ninayeishi Duluth, na mwaka juzi mimi na mke wangu tulinunua ekari 5 za msitu kaskazini ya mji huu. Firi za balsamu, ambazo ndizo nyingi humo, zinakauka kuanzia kileleni, na Juni nilipovuta tawi karibu nilikuta majani yake yaliyo kama sindano yamegeuka mekundu na kushikana kwa nyuzi mithili ya utando wa buibui. Jirani ananishauri nipande misprusi mitupu (spruce, jamaa ya firi), kwa kuwa ndiyo miti ya asili ya huku, lakini nasoma kwamba joto likizidi miti hiyo itapungua huku na kubaki Kanada. Natamani wanangu waje kuukuta msitu uliosimama. Nifanyeje?

Fundi Misitu
Pole sana, ndugu yangu. Nyuzi hizo ni za kiwavi anayekula machipukizi ya firi na misprusi, naye ni mwenyeji wa misitu hiyo tangu kale, kwa hiyo si kila mti unaokauka umeuawa na mabadiliko ya tabianchi. Hata hivyo hofu yako ina msingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walipasha joto miche ya aina 9 papo hapo msituni, Cloquet na Ely huko huko kaskazini mwa jimbo, kwa takriban nyuzi 1.6 na 3.1 za Selsiasi. Matokeo yaliyotoka mwaka 2022 yalionyesha vifo vikiongezeka, hasa kwa firi, misprusi na misonobari, ilhali miti ya mepo (maple), inayopenda joto zaidi, ilinufaika kidogo tu. Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi, kwa maana miti ya kaskazini inaweza kudhoofika kabla ile ya kusini haijawa tayari kushika nafasi yake.

Mama Miche
Kaka, changanya. Bakiza misprusi kiasi, kisha ongeza mialoni myekundu na misonobari myeupe, ambayo tayari inaota jimboni humo, ukitafuta miche ya mbegu za kusini kidogo ya kwako. Usiende mbali mno, kwa sababu baridi kali bado huja: kwenye jaribio jingine la kupasha msitu joto, huko Marcell, Minnesota, miti iliyopashwa joto ilichipua mapema, na baridi kali ya Aprili 2016 ikayaunguza machipukizi yake. Kulungu nao hawana huruma: kila Oktoba kunja kipande cha karatasi, ukifunike chipukizi cha juu cha kila msonobari, kisha ukibane kwa pini za stepla.

Mzee wa Bemidji
Naafikiana na mama hapo juu, ila kabla ya kununua chochote chimba udongo. Palipo na maji na mboji nyeusi ya kinamasi, mwaloni mwekundu hautashika hata joto lizidi namna gani. Hapo waachie misprusi myeusi na tamaraki, miti inayostahimili kinamasi.

Mgeni wa Duluth
Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Kipande cha chini, karibu ekari 2, kina maji hadi mwezi wa Julai, kwa hiyo nitakiacha kama kilivyo na kuweka mialoni na misonobari kwenye mwinuko. Mama Miche, karatasi hizo huondolewa majira ya kuchipua, au huachwa zianguke zenyewe?

Mama Miche
Chipukizi huzisukuma lenyewe, kaka. Zungukia Mei tu, uzitoe zilizokwama.