Kigoma Ujiji: tule wapi kati ya mwaloni, Mwanga, Ujiji na hoteli za ziwani?

Mgeni wa Reli (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mwezi ujao nitaongoza kikundi kidogo cha wafanyakazi wenzangu wanaokwenda Kigoma kwa kazi ya wiki moja, na kwa kuwa nyumba tutakayofikia haina jiko, itatulazimu kula nje milo yote. Nimewahi kufanya kazi huko, kwa hiyo siulizi kama chakula kipo. Ninachoomba ni ulinganisho wa haki kati ya aina nne za mahali pa kula ninazozikumbuka: vibanda vya mama lishe kwenye mialo (mahali mitumbwi ya uvuvi inapofikia) ya Kibirizi na Katonga, migahawa ya Mwanga pamoja na ile ya Barabara ya Lumumba inayoteremka hadi stesheni, majiko ya Ujiji, na hoteli za kando ya Ziwa Tanganyika. Naomba tusitaje majina ya biashara za watu, kwa sababu wapishi huhama na jina likabaki ukutani, na mgeni anayefuata sifa za zamani hujikuta anakula kwa mpishi mwingine kabisa.

Kwa bei, hoteli za ziwani ndizo ghali na mwaloni ndiko rahisi. Hapo sioni mjadala. Kwa ubichi wa samaki ningeuweka mwalo mbele, na kwa utulivu wa kuzungumza mambo ya kazi ningeziweka hoteli mbele. Kinachonitatiza ni chakula cha jioni, na pia wenzangu wawili ambao ni Waislamu wenye msimamo kuhusu nyama iliyochinjwa na nani. Mwingine hastahimili pilipili hata kidogo.

Binti Ujiji

Kaka, karibu tena nyumbani. Kwa hao wenzako wawili jibu ni jepesi: waleteni Ujiji. Huku ni mji wa Waislamu tangu enzi za misafara ya biashara, na suala la kuchinja halihitaji kuulizwa kila mlangoni. Angalia tu kwamba Ijumaa wakati wa swala ya adhuhuri majiko mengi husimama, na kwamba mwezi wa Ramadhani mchana utapata shida ya kula huku, wakati jioni utapata futari ambayo hoteli yoyote ya mjini haiwezi kuifikia.

Wengi hudhani Ujiji ni pilau na wali wa nazi peke yake, kwa sababu ya asili ya Kiswahili ya mji, lakini mimi ningewapeleka wageni wako wakale mgebuka, samaki wa ziwa letu, wa kubanikwa aliyeungwa kwa mawese, pamoja na ugali wa muhogo na kisamvu. Hapa ndipo migahawa mingi ya mjini inaposhindwa. Mawese mapya yana rangi nyekundu iliyokolea na harufu inayokufikia kabla sahani haijawekwa mezani. Mpishi asiyeyajua huyaunguza hadi yapauke, akidhani anayasafisha, na mchuzi unabaki na mafuta yasiyo na utu wowote. Ugali wa muhogo nao unataka unga wa muhogo uliovundikwa vizuri na kuanikwa ukakauka, la sivyo unakuwa na uchungu au unanuka. Mama anayepika vyakula hivi kila siku nyumbani kwake hawezi kukosea, ila mpishi wa hoteli anayevipika mgeni mmoja akiviagiza kwa mwezi atabahatisha tu.

Kuhusu pilipili, huku huwekwa pembeni, ama nzima juu ya mchuzi ama iliyosagwa kwenye kibakuli, kwa hiyo mwenzako asiwe na hofu. Mwambieni tu mpishi mapema asiitumbukize nzima, kwa maana ikipasuka sufuria yote imekwenda.

Fundi wa Mwanga

Nitasema machache kwa upande wa Mwanga, maana naona inasahaulika. Mwanga ndiko wakazi wanakofanyia manunuzi yao, na migahawa yake haiishi kwa mgeni wala kwa meli, inaishi kwa mtu anayerudi kesho. Asubuhi utapata supu, chapati na chai ya maziwa. Mchana wali au ugali kwa maharage, nyama au samaki. Usiku moshi wa mbuzi wa kuchoma, mishikaki, ndizi na chipsi. Hakuna mandhari ya ziwa, na kelele za bodaboda zipo, lakini saa tatu usiku, wakati mwalo umelala na Ujiji wengi wamefunga, Mwanga bado kuna moto. Kwa chakula cha jioni kilichomtatiza mleta mada sioni haja ya kutafuta kwingine.

Mstaafu wa Bandari

Wanangu, nimewasoma wote na nawapongeza kwa lugha ya heshima. Hata hivyo mnalinganisha mahali, wakati Kigoma jambo la kulinganishwa ni saa na mwezi.

Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola, lakini kanuni ni ileile: mwanga huwavuta dagaa juu, na mgebuka, ambaye chakula chake kikubwa ni hao dagaa, huja akiwafuata. Mitumbwi hurudi alfajiri. Kwa hiyo samaki aliye mbichi kweli yupo mwaloni asubuhi, na mtu anayekwenda Kibirizi saa nane mchana akitarajia samaki wa sasa hivi anakula samaki yuleyule aliyekwisha kupanda bodaboda kwenda Mwanga saa moja asubuhi, isipokuwa yule wa Mwanga pengine aliingia kwenye jokofu na huyu wa mwaloni alishinda kwenye beseni. Jambo hili sijaona mgeni yeyote akilifikiria. Ukaribu na maji haufanyi samaki kuwa mbichi.

Kisha kuna mbalamwezi. Mwezi unapokuwa mpevu taa za wavuvi hazina nguvu, maana ziwa zima lina mwanga, na kwa siku kadhaa wavuvi wengi hupumzika na kushona nyavu. Siku hizo migebuka huadimika na bei hupanda kila mahali, kuanzia mwaloni hadi hotelini. Mwenye busara wakati huo hula mgebuka wa kubanikwa au dagaa wakavu, ambao si chakula cha dharura hata kidogo. Dagaa wa Kigoma walioanikwa juu ya chanja, bila kuguswa na mchanga, wanasafirishwa hadi Dar es Salaam na kwingineko kwa sababu ni bora, na mtu anayewadharau akiwa Kigoma penyewe nashindwa kumwelewa.

Tena yapo mapumziko ya ziwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane, na nchi zote nne zinazolimiliki ziwa, yaani sisi, Kongo, Burundi na Zambia, zilikwisha kukubaliana kuhusu jambo hilo. Ukifika katika kipindi kama hicho, usimlaumu mama lishe kwa kukuwekea maharage. Uliza tarehe kabla ya kukata tiketi.

Binti Ujiji

Shikamoo, mzee wetu. Nakubaliana nawe kuhusu saa, ila sikubali kwamba mahali hapana uzito. Samaki mmoja wa alfajiri akigawanywa kati ya majiko manne hutoka vyakula vinne tofauti. Mwaloni atakaangwa kwenye mafuta yaliyokwisha kukaanga wengine kumi kabla yake. Hotelini atapakwa ndimu na kuletwa na chipsi, jambo ambalo si baya, lakini angeweza kuletwa hivyo hivyo Mwanza au Tanga. Mgeni aliyesafiri na reli ya kati hadi mwisho wake hakuja kula hicho.

Mstaafu wa Bandari

Marahaba, binti yangu. Kuhusu mafuta ya mwaloni umesema kweli. Tiba yake ni kufika mapema, wakati mafuta bado yanaonekana chini ya karai, au kuagiza wa kuchoma. Na mtu akibahatika kumkuta kuhe asimwache. Katika jamii ya sato na perege, kuhe ni miongoni mwa samaki wakubwa kabisa duniani, na hapatikani nje ya bonde la ziwa letu. Nyama yake ni nyeupe na nene, inastahimili moto wa mkaa kuliko mgebuka, ambaye ni mwembamba na hukauka upesi akiachwa kwenye moto.

Afisa Ugavi

Naomba kuingiza jambo ambalo halina ladha lakini litamgusa mleta mada atakaporudi ofisini. Ikiwa milo italipwa kwa fedha za safari ambazo kila mtu hupewa mkononi, basi kuleni popote. Ikiwa ofisi ndiyo italipa na mtatakiwa kurejesha hesabu, mhasibu atadai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, na hapo vibanda vya mwaloni na sehemu kubwa ya majiko ya Ujiji vinaondoka kwenye ulinganisho hata kabla hamjaonja. Mama lishe atawaandikia karatasi kwa nia njema, lakini karatasi hiyo haitapita. Hoteli za ziwani hazina tatizo hilo, na baadhi ya migahawa mikubwa ya mjini pia ina mashine, ingawa ni vyema kuuliza kabla ya kuagiza kuliko wakati wa kulipa.

Kuhusu hoteli hizo, naona zimeonewa kidogo katika mjadala huu. Zinatazama magharibi, na jua likizama nyuma ya milima ya Kongo mtu anaweza kukaa kwenye kiti chenye mgongo, akanawa kwa maji ya bomba, akazungumza na wenzake bila kupaza sauti. Kasoro moja ninayoiona katika hoteli za namna hii, na si za Kigoma peke yake, ni kwamba chakula huanza kupikwa baada ya kuagizwa. Kikundi kinachofika saa mbili usiku kikiwa na njaa kitakula saa tatu na nusu. Pigeni simu mchana, semeni mko wangapi na mnataka nini, nanyi mtaondokana na kero hiyo kabisa.

Mgeni wa Reli (mleta mada)

Nawashukuru, hasa mzee wetu wa bandari, kwa kuwa suala la mwezi mpevu sikuwa nimelihesabu kabisa katika ratiba. Fedha tutapewa mkononi, kwa hiyo risiti hazitatubana isipokuwa kwa chakula kimoja cha jioni tutakachowaandalia wenyeji wetu wa halmashauri. Hicho nitakipeleka hotelini na nitaagiza mchana kama alivyoshauri Afisa Ugavi. Asubuhi tutakuwa na nafasi ya kuteremka Kibirizi kabla ya kazi. Nimebakiwa na swali moja kwa Binti Ujiji: je, hayo majiko unayoyasifu yanaweza kupokea watu saba kwa pamoja siku ya kazi, au tutawakuta wamepika cha kuwatosha wateja wao wa kila siku?

Binti Ujiji

Kaka, ukija bila taarifa mkiwa saba mtakuta sufuria limebaki ukoko. Wanapika kwa kipimo na wengi humaliza saa nane mchana. Fanya hivi: siku moja kabla, mtume mtu au pita mwenyewe, mwone mama mwenye jiko uongee naye ana kwa ana, umwachie sehemu ya fedha ya kununulia samaki asubuhi. Atakwenda kuwachagua kulingana na idadi yenu, na kisamvu atakitwanga mapema, maana hakitaki haraka. Msichague Ijumaa. Nauli ya bajaji kutoka mjini si kubwa, na mkiwa saba mtahitaji mbili au tatu, kwa hiyo patana na madereva wawasubiri, kwa sababu saa hiyo ya mchana kurudi mjini wote kwa pamoja huwa kazi.

Fundi wa Mwanga

Na usiku huo mtakuwa mmeshiba, lakini usiku unaofuata mbuzi wetu bado yupo. Fikeni kabla ya saa mbili mchague kipande wenyewe, kwa sababu mbavu huisha kwanza. Na kwa wale wenzako wawili, mchomaji muulizeni nani amechinja. Atawajibu bila kinyongo, maana huulizwa kila siku.