Kuunganisha zahanati na ustawi wa jamii ngazi ya kata (Tanga): tuanzie wapi?

Pembezoni_TA
Habari za kazi wakuu. Kata yetu iko pembezoni mwa Jiji la Tanga. Ina zahanati moja, afisa maendeleo ya jamii anayekaa ofisini kwa mtendaji wa kata, na afisa ustawi mmoja anayehudumia kata tatu. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi liko mjini, na rufaa kubwa ni Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwenye muundo wa halmashauri afya, ustawi na lishe ni idara moja, lakini huku chini mteja bado anazungushwa: zahanati inamtuma ustawi, ustawi anataka barua ya mtaa, mtaa unamwambia njoo kesho. Tunatakiwa tuunganishe huduma kuanzia Julai. Kuna pendekezo la kumhamishia afisa ustawi zahanati. Linatosha? Na fedha zitoke wapi?

KauntaBuku
Kuhamisha meza peke yake hakusaidii. Mtu mmoja mwenye kata tatu atakuwepo hapo mara moja kwa wiki, siku nyingine mlango una kufuli na mteja anazungushwa vilevile. Mpeni siku moja isiyobadilika, iangukie siku ya kliniki ya watoto, na chumba chenye mlango unaofungwa. Chumba cha sindano hakifai, watu wanaingia na kutoka.

Kitu cha kwanza ni fomu moja ya rufaa inayotumiwa na wote: zahanati, ustawi, mtendaji, shule. Nakala mbili kwa karatasi ya kaboni. Ya juu anaondoka nayo mteja, ya chini inabaki kitabuni. Ile ya juu igawanywe kwa mstari wa nukta: nusu ya juu ni maelezo ya anayetuma, nusu ya chini ni mrejesho unaojazwa na anayepokea, unakatwa na kurudishwa.

Hapo kwenye mrejesho ndipo kazi nyingi zinapofia. Anayepokea anamhudumia mteja vizuri kabisa, halafu kile kipande kinabaki kwenye droo, kwa sababu hakuna aliyepangiwa kukirudisha. Msimwachie mteja, ana shida zake. Mpangieni mhudumu wa afya ngazi ya jamii azunguke kila Alhamisi kuvikusanya.

Kisha kaunta buku moja zahanati, safu nane: namba ya rufaa, tarehe na saa, anakotoka, anakokwenda, sababu (kwa alama au namba mliyokubaliana, si kwa maneno), tarehe aliyofika, tarehe ya mrejesho, kilichofanyika. Safu ya saba ikiwa tupu baada ya siku saba, mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, anapiga simu. Kikao cha mwezi kisome safu hiyo tu. Mkianza kusoma taarifa za kila idara mtatumia saa tatu nzima na hamjamjadili mteja hata mmoja.

Fungu_na_Kasma
Kuhusu fedha. Tangu 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wahisani, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, kwa hiyo zahanati ina pa kuanzia. Sharti ni shughuli iwemo kwenye mpango wa kituo ulioingizwa PlanRep, mfumo wa serikali wa mipango na bajeti. Isipokuwemo, hata fedha zikiwepo benki hamtaweza kuzilipa kihalali, na mkilipa mtajibu hoja ya mkaguzi.

Angalieni mnavyoiandika. "Kuimarisha uratibu wa huduma" hailipiki, haina kiasi wala mwisho. Andikeni: "Kufanya vikao 12 vya mwezi vya mapitio ya rufaa, wajumbe 7" na "Kulipia nauli ya wateja 10 wa rufaa kila mwezi". Tuseme nauli kwenda na kurudi ni 3,000: mara 10 mara miezi 12 ni 360,000 kwa mwaka. Kiasi cha namna hiyo kamati ya usimamizi ya kituo inakielewa bila mjadala mrefu. Orodha ya malipo iwe na sahihi ya mteja, au dole gumba kwa asiyeandika.

Kama mpango umeshafungwa, msubiri marekebisho. Fomu na kaunta buku ni vifaa vya ofisi, hivyo havisubiri.

Saa72
Naongeza moja: kesi za ukatili zisipite kwenye foleni ya siku saba. Aliyebakwa anaanza na matibabu. PF3, ile fomu ya polisi, ni muhimu kwa ushahidi, lakini huduma ya dharura haiisubiri. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinaanzwa ndani ya saa 72, mapema ndivyo bora, na zinamezwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ni ndani ya saa 120. Mkiwa hamna dawa hizo zahanati, nauli ya Bombo itoke saa hiyohiyo. Nguo zake ziwekwe kwenye bahasha ya kaki, si mfuko wa plastiki, unyevu unaharibu ushahidi.

Na tafadhali, majina ya wateja yasiwekwe kwenye grupu la WhatsApp la kata. Tumieni namba ya rufaa. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, mtaani siri haikai.

Pembezoni_TA
Nashukuru sana, fomu naichora leo. Wazee wa msamaha, yaani wanaotibiwa bila malipo, je? Hao ndio wanaozungushwa zaidi.

KauntaBuku
Tathmini ya nani anastahili msamaha isifanyike dirisha la dawa mzee akiwa na homa. Mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi wapitie orodha ya wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, mtaa kwa mtaa, mara mbili kwa mwaka. Nakala iliyogongwa muhuri ikae mapokezi. Barua ya mtaa ibaki kwa wale tu ambao hawamo. Orodha isipohuishwa, waliohamia wanakosa na waliofariki wanaendelea "kutibiwa".

Wahudumu wa jamii, yaani WAJA, ndio wanaojua nani yupo. Muwape nauli na wao, la sivyo itakuwa ile ya Tanga: waja leo, waondoka leo.

Tarehe za kupita mitaani ziangalieni pia. Mitaa ya pwani, wavuvi wa dagaa wako baharini usiku wa giza na wanalala mchana. Pangeni wiki ya mbalamwezi, na msiweke Ijumaa mchana.