Kwa nini wabunge wa Marekani wakigombana na FCC wanakimbilia kukata hela?

mdadisi_77
Wakuu habari zenu. Nafuatilia huu ugomvi wa Marekani wa usawa wa mtandao, yani ile kanuni kwamba anayekuuzia intaneti asibane tovuti moja akaachia nyingine kisa kalipwa. Kuna kitu kinanichanganya. Desemba 2010 FCC, ile tume yao ya mawasiliano, ilipitisha kanuni kwa kura 3 kwa 2, halafu Februari 2011 Bunge la Wawakilishi likapiga kura 244 kwa 181 kwamba tume isitumie hata senti kuzitekeleza. Sasa kama kanuni huitaki si uifute tu?? Mambo ya kupitia kwenye bajeti ya nini? Na hela ikizuiwa kanuni inakuwa imekufa au bado ipo? Anayejua anifafanulie taratibu, mi sio mwanasheria.

kalamu_nyeusi
Mkuu kufuta walitaka sana tu, tatizo kura. Kufuta kanuni ya tume kwa njia ya Kongresi unahitaji Wawakilishi, Seneti na saini ya rais, na mwaka ule Warepublican walikuwa na Wawakilishi peke yake, Seneti ya Wademokrati, Ikulu yupo Obama. Na walijaribu, Aprili 2011 azimio la kuzikataa lilipita kwa Wawakilishi, Novemba likafia Seneti 52 kwa 46.

Bajeti ndo mchezo mwingine. Bajeti lazima ipite la sivyo ofisi za serikali zinafungwa, kwa hiyo ukichomeka kifungu chako kimoja mle ndani unamlazimisha rais ama akimeze ama akatae bajeti nzima. Ndo alichofanya Greg Walden, mbunge Mrepublican wa Oregon. Kifungu chake kifupi mno, ukikitafsiri kwa lugha ya mtaani kinasema hela ya sheria hii isitumike kutekeleza zile kanuni, basi. Kanuni yenyewe hakigusi hata herufi. Inabaki kitabuni kama ilivyo, ila ofisa akifungua faili la malalamiko muda anaolipwa mshahara keshatumia hela iliyokatazwa, na wenzetu wana sheria ya siku nyingi ambayo ofisa akitumia kwa makusudi hela ambayo Kongresi haijaidhinisha anaweza kufungwa. Sa nani atalifungua hilo faili?

Ila hicho cha Walden hakikufika mbali, kwenye makubaliano ya bajeti ya Aprili 2011 kilitupwa nje.

hesabu_kali
Naongezea hapo maana watu wengi wanapigwa changa la macho. Mnaongea kama vile FCC inakula kodi ya mwananchi. Matumizi yake ya kila mwaka yanalipwa na ada wanazotozwa haohao wanaosimamiwa, kampuni za simu, kebo, setelaiti, vituo vya redio na tv, Kongresi kazi yake ni kupanga kiasi gani kikusanywe na kutumika. Kwa hiyo akisimama mbunge akasema anapunguza bajeti ya FCC kumwonea huruma mlipakodi, muulize vizuri, wa kwanza kupata nafuu ni kampuni inayolipa ada. Na bado tume ikipiga mnada masafa ya mawasiliano, hazina inaingiza mabilioni ya dola.

Alafu kupunguza fungu na kuweka masharti kwenye fungu ni vitu viwili. 2015 baada ya Tom Wheeler, mwenyekiti wa FCC wakati ule, kuleta kanuni kali zaidi kamati ya bajeti ya Wawakilishi ilikuja na vyote kwa mpigo: bajeti ya tume ishuke NA kanuni zisitekelezwe mpaka kesi za kuzipinga ziishe mahakamani.

msimamo_mkali
Mi nawatetea wabunge kidogo hata mkinitukana. Tume ni watu 5, hakuna mwananchi aliyewapigia kura, wanateuliwa na rais na kuthibitishwa na Seneti, chama kimoja kisizidi 3. Ndo maana kila Ikulu ikibadilika kura inageuka: 2010 wameweka, 2015 wameweka upya, 2017 chini ya mwenyekiti Ajit Pai wamefuta, 2024 wamerudisha, na zote 3 kwa 2!! Sheria yenyewe wanayotumia mzizi wake 1934. Katiba imewapa Kongresi mfuko, wautumie kubana tume inayojitungia mambo. Kinachoniudhi ni kwamba haohao miaka yote wameshindwa kuandika sheria moja ya intaneti inayoeleweka.

kalamu_nyeusi
Nakubali nusu @msimamo_mkali. Shida ukimfunga msimamizi mikono hakuna anayechukua nafasi yake. 2018 zimamoto wa kaunti ya Santa Clara, California, wapo kwenye moto mkubwa, gari lao la mawasiliano laini ya kampuni ya simu ya Verizon ikabanwa mpaka ikawa haifai kitu, wanawasiliana na kampuni wanaambiwa pandisheni kifurushi. Verizon baadae walikiri kosa la huduma kwa wateja wakasema haihusiani na usawa wa mtandao, na kiukweli wana hoja, kilichobanwa ni kifurushi sio tovuti fulani. Lakini walikuwa walalamike wapi wakati tume mwaka mmoja nyuma imeshajitoa? Mahakama ya rufaa 2019 iliikubalia FCC sehemu kubwa ya ule ufutaji ila ikaisema wazi kwamba haikufikiria usalama wa umma.

mdadisi_77
Aisee asanteni, nimeelewa. La mwisho, kwa hiyo kilichokuja kuziua hizi kanuni ni bajeti au ni nini?

hesabu_kali
Ukitoa ule ufutaji wa Pai, ni mahakama. Za 2010 sehemu kubwa zilitupwa Januari 2014 kwenye kesi ya Verizon, za 2024 zikatupwa tarehe 2 Januari 2025, na safari hii majaji waliegemea uamuzi wa Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani wa Juni 2024 kwamba mahakama isikubali tu tafsiri ya wakala wa serikali pale sheria isipoeleweka. Vifungu vya bajeti vilipiga kelele miaka yote ile ila havikuua kitu.

Ila California wana sheria yao ya 2018 na bado inafanya kazi. Hiyo hata Wawakilishi wakate bajeti yote ya FCC haiguswi, maana anayeisimamia ni mwanasheria mkuu wa jimbo na mshahara wake haupiti Kongresi.